Kilo Nne za Mjomba

Tarehe 9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Na mkaza mjomba mpe shikamoo yake ya peke yake, asije akasema nimemchanganya na ya kwako. Huku wote wazima. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa hiyo nyumba imejaa vipande vya kitambaa cha bluu. Jana tulikuta kimoja ndani ya sufuria. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na amekataa kucheka mpaka lingine liote.

Tufe ulilonitengenezea limefika. Utingo wa lori alilishusha kwa mikono miwili akaniuliza, "Dada, humu mna nini, dhambi za nani?" Nilikuwa na jibu zuri, lakini lilinijia nilipofika nyumbani.

Ni zuri mno, Mjomba. Linang'aa hadi naiona pua yangu ikiwa pana kama kijiko. Ile namba 4 uliyoigonga juu yake naipapasa kwa kidole kila mara kabla ya kurusha. Kama nilivyokueleza, shuleni wasichana tulikuwa tunarusha la kilo tatu. Sasa shule imekwisha, nahesabiwa mtu mzima, na tufe la wanawake ni kilo nne. Chuo cha walimu wa michezo kitafanya mchujo tarehe 6 Juni, na anayetaka kuingia lazima afikishe mita kumi na moja na nusu. Fomu nayo inataka alama yangu bora, ishuhudiwe na mwalimu.

Kwa lile la kilo tatu nilikuwa nafika mita kumi na mbili na sentimita sitini. Leo asubuhi, kwa tufe lako, nimefika kumi na moja na tisini na mbili. Mwalimu wa michezo alipima mara mbili. Akanitazama mimi, akalitazama tufe, akasema, "Wengi wakiongezewa kilo moja hupoteza mita moja na nusu, hata zaidi. Wewe umepoteza kidogo hivi?" Kisha akaandika, akasaini. Fomu inaondoka kesho.

Mama anasema nisipochaguliwa nitakaa naye kwenye cherehani, na kwamba hakuna ubaya. Kweli hakuna ubaya. Ila ndani ya lile duara la kurushia ndipo mahali pekee ambapo watu wakinitazama sitamani kujificha. Nakitaka chuo hiki kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Najua ungependa nipige simu. Nikiisikia pumzi yako tu kwenye simu, nasahau nilichotaka kusema.

Mpwa wako


Tarehe 27 Januari

Bibi Kimya, mpwa wangu,

Marahaba mara kumi. Mkaza mjomba wako ameipokea yake na anadai ilikuwa fupi. Sisi hatujambo, isipokuwa paa la jikoni linavuja mahali palepale nilipoliziba mwaka jana, na mke wangu hulitazama paa, kisha hunitazama mimi, hasemi kitu. Bora angesema.

Hizo mita kumi na moja na tisini na mbili nimezitangaza karakana nzima. Mchomeleaji wetu ameniuliza kama huyo mpwa anaweza kumrushia mama mkwe wake ng'ambo ya mto.

Mwambie mwalimu wako asishangae. Hilo tufe si la kubahatisha. Nilichukua kipande cha ekseli ya lori, chuma safi. Nikapiga hesabu: chuma cha kilo nne, kikiwa mviringo kamili, kinatakiwa kipenyo cha milimita tisini na tisa. Nikakereza mpaka tisini na tisa, nikapima, nikasimamisha mashine. Miaka thelathini na moja kwenye mashine hii moja. Msimamizi wangu husema vidole vyangu vina macho.

Usinicheke kwa mwandiko mkubwa. Kalamu nimeazima kwa karani wa mizigo, ncha yake nene kama kidole gumba.

Mjomba wako


Tarehe 18 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia hamjambo, na pole kwa paa. Mama anasema kaka yake tangu utotoni huziba tundu moja akafungua mawili, lakini anasema hivyo akitabasamu. Jino la mdogo wangu limeanza kuchungulia.

Nataka kukuuliza jambo, na nimechelewa kuandika kwa sababu nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Mwalimu hakutulia. Kila nikirusha anasema, "Kilo moja haipotei bure." Akanieleza hivi: mkono wangu una nguvu ileile, ila tufe likiwa zito linaondoka mkononi polepole zaidi, na umbali unatokana hasa na mwendo wa kuondoka. Ukipungua kidogo tu, umbali unapungua sana. Kwa hiyo kama sikupoteza umbali, basi ama nimepata nguvu ghafla, ama sijaongezewa uzito wote.

Jumamosi nililibeba tufe hadi kwa muuza nafaka. Nilisubiri wateja waishe, na hawakuisha, ikabidi niliweke kwenye mizani mbele yao. Akasema, "Kilo tatu na gramu mia nne. Unauza?" Nikasema hapana.

Labda nimekosea kusoma, Mjomba. Labda naye amekosea. Nilitaka tu ujue.

Mpwa wako


Tarehe 11 Machi

Bibi Kimya,

Marahaba. Tu wazima. Mvua imekatika, paa limepumzika.

Sasa nikuulize na mimi. Tangu lini mpwa wangu anaamini mizani ya muuza nafaka? Wale watu huiba hata usingizi. Mizani yake ina jiwe chini, sumaku pembeni, na dole gumba lake juu. Ukitaka kupoteza imani na dunia, nenda ukajipime kwake.

Nimekwambia tisini na tisa. Kazi yangu ni kupima. Watu wanapanda mabasi yenye vyuma nilivyovipima mimi, na mabasi hayo yanafika.

Mwalimu wako ni mtu mzuri lakini ana wasiwasi wa mwanafunzi aliyejibu mtihani wote akabaki na muda. Wewe rusha.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama amemaliza sare za wavulana amebakiza za wasichana. Pole kwa kazi.

Nililifikiria jambo la mizani kwa siku mbili. Muuza nafaka hupata faida mizani ikionyesha uzito zaidi ya uliopo, ili nilipie kilo nzima huku nimepewa robo tatu. Kwa hiyo kama mizani yake inaiba, tufe ni jepesi kuliko hata alivyosema. Nisamehe, sikusudii kubishana. Hesabu ndiyo ilivyokaa.

Nikaenda posta, kwenye mizani ya vifurushi. Kilo tatu na gramu mia nne na kumi. Nikarudi nyumbani nikazungusha uzi wa Mama katikati ya tufe, nikaupima kwa futi yake ya kushonea, sentimita ishirini na tisa na nusu. Nikagawa kwa pai. Kipenyo chake ni milimita tisini na nne, Mjomba. Nimerudia mara sita kwa uzi tofauti.

Mwalimu, bila kungoja jibu lako, aliazima tufe la kilo nne kutoka timu ya kiwanda cha saruji, bovu la rangi, limechubuka kila upande. Lako lilikuwa linaruka kama ndege anayeijua njia. Hili linaondoka mkononi kama mgeni asiyetaka kuaga. Siku ya kwanza kiwiko kilishuka na kidole cha kati kikavimba. Mwalimu alisema lile jepesi lilinizoesha kuwahisha mkono kabla ya miguu haijamaliza kazi yake. Baada ya wiki nzima nimefika mita kumi na sentimita themanini na nne. Hizo ndizo mita zangu. Kwenye fomu tumeandika kumi na moja na tisini na mbili.

Mwalimu alipiga simu chuoni kabla sijamwomba afanye au asifanye. Alisema saini ni yake na hawezi kulala juu yake. Wamemjibu hivi: alama inaweza kufutwa na nikaruhusiwa kuja kwenye mchujo na hiyo nyingine, lakini kwa kuwa tufe ni la kutengenezwa karakanani, aliyelitengeneza aandike uzito wake halisi na kosa lilivyotokea, na karakana igonge muhuri. Karatasi iwafikie ifikapo tarehe 30 Aprili. Isipofika, watahesabu kuwa tulidanganya kwa makusudi. Jina langu litafutwa, na mwalimu hatakubaliwa kumshuhudia mtu mwingine.

Naomba karatasi hiyo, Mjomba. Mistari mitatu inatosha. Labda taa ya karakana ilikuwa imeharibika siku ile? Kama ni taa, waandikie ni taa.

Mpwa wako


Tarehe 8 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa wazima. Mchomeleaji amepata mtoto wa tatu, wa kike. Mkaza mjomba wako amenunua kuku wawili, mmoja anataga, mwingine anatoa ushauri.

Habari yako nimeipata. Ushauri wangu ni huu. Nyamaza. Una karibu miezi miwili. Kula, rusha hilo chakavu la saruji, ongeza nguvu. Ukifika siku ya mchujo ukawa umeifikia ile namba, nani ataulizia tufe la Januari? Huyo mwalimu awapigie tena awaambie alichanganya karatasi.

Muhuri wa karakana si kitu cha kugongagonga. Unakaa kwa msimamizi, na msimamizi ana maswali mengi. Mengine tutazungumza tukionana.

Mjomba


Tarehe 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mdogo wangu hajambo, na hawajui kwamba nakuandikia haya.

Nitasema jambo ambalo ningekuwa mbele yako nisingelisema hata ungenipa siku nzima.

Sidhani kalamu ni nene. Barua zako nimezihifadhi zote. Ile ya Agosti iliyopita ina mistari ishirini na sita kwenye ukurasa. Ya Januari kumi na minne. Hii ya Aprili ina mistari tisa, na wa mwisho umepanda juu ya mwenzake. Mama nilipomwonyesha alisema kaka yake sasa ameanza kuringa. Mimi nadhani ulitazama tisini na nne ukaona tisini na tisa. Nadhani mimi na mwalimu tumekuwa tukipima tufe, kumbe tunayapima macho yako.

Hilo la kunyamaza nimelijaribu. Nimekaa nalo siku tatu. Nguvu naweza kuongeza, lakini kutoka kumi na themanini na nne hadi kumi na moja na tisini na mbili ni zaidi ya mita nzima, na mwalimu anasema mita nzima ni kazi ya mwaka, tena ukijaliwa. Na hata ningeweza, ile mashine yako inazunguka, Mjomba. Kisu chake kiko sentimita ngapi kutoka kwenye mkono wako? Nakuuliza kwa heshima. Nimekuuliza kwa sababu wanaokuona kila siku wamezoea.

Zimebaki siku kumi na sita. Usipoandika sitakulaumu mbele ya mtu yeyote. Nitasema tu kwamba karatasi haikuja.

Mpwa wako


Tarehe 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Sijapata jibu. Kila siku saa nne naenda posta, na karani wa dirishani siku hizi ananitikisia kichwa kabla sijafika. Leo hata hakuinua macho.

Mama alikupigia juzi, ukamwambia kila kitu safi, mkazungumza habari za kuku. Nilikuwa nimekaa karibu naye na mkono tayari kuipokea simu. Sikuipokea. Nimejichukia kwa hilo tangu juzi.

Tarehe 30 nitaenda na mwalimu chuoni, mkono mtupu. Amesema tutasema ukweli kwa mdomo na watafanya wanavyoona. Alifua koti lake.

Sina la kuongeza.

Mpwa wako


Tarehe 24 Aprili, kwa mkono wa dereva

Mpwa wangu,

Huyu anayeandika ni mkaza mjomba wako. Mimi naongea. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze chumvi. (Nitaongeza ninapoona chakula hakina ladha. Mimi, mkaza mjomba.)

Barua yako ya mwisho ilinishinda kusoma, si kama zile nilizokuwa nazikokota juani. Mwandiko wako ni wa sisimizi. Nikakaa nayo mfukoni siku mbili, nikadhani ni salamu na habari za jino, basi jioni nikampa huyu anisomee wakati anachambua mchele. Akasoma kwa sauti, shikamoo, Mama hajambo, mpaka akafika penye tisini na nne. Akausukuma pembeni ungo wa mchele. Nikasema, endelea. Akasema, "Endelea wewe." Akaniwekea karatasi mkononi.

Nikaishika. Niliona weupe, na juu ya weupe kitu kama vumbi.

(Miaka ishirini na miwili tumelala kitanda kimoja na mimi nilidhani amekuwa mvivu wa kusoma gazeti. Andika na hilo, nimejiambia mwenyewe.)

Kulipokucha nilikwenda kwa msimamizi kabla mashine hazijawashwa. Nikamwambia, "Bosi, nahitaji muhuri." Akasema, "Wa nini?" Nikamwambia wa tufe. Akacheka. Nikamwambia tufe lilipungua milimita tano. Akaacha kucheka, maana tangu aniajiri sijawahi kupunguza hata nusu.

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu mvua za vuli, mwaka jana."

"Na zile shafti za pampu ulizokereza?"

"Zile nilipima kwa ukucha. Ziko sawa."

"Kwa ukucha." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja dawa. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa mashine. Hakuniomba kwa maneno, wala hakunilazimisha. Nilimpa tu. Karatasi yako ameigonga muhuri mara mbili, wa pili nadhani ulikuwa wa hasira. Imo humu ndani. Tumeituma kwa mkono wa dereva wa karakana anayekuja huko na mzigo, ikufikie kabla ya tarehe thelathini, maana posta siiamini.

Nimepelekwa stoo. Natoa misumari kwa watu niliowafundisha kazi.

Sijakushukuru, mpwa wangu. Nisingependa udhani nimekushukuru. Pengine siku nyingine.

Mjomba wako

(Dereva anaondoka leo lakini ana vituo vingi. Tunaomba awahi. M.)


Tarehe 9 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo, hii ni ndefu.

Dereva alifika tarehe 29 saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nafua. Karatasi niliishika kwa ncha za vidole vilivyolowa, na kesho yake mwalimu aliiweka mezani chuoni kama mtu anayeweka yai. Hukuniandikia wewe mwenyewe tangu hapo, na mimi sikukusumbua. Nilidhani ungependa nikae kimya mpaka kuwe na jambo la kusema. Sasa lipo.

Tulikuwa wasichana thelathini na mmoja. Kabla ya kuanza walipima matufe yote kwenye mizani mbele yetu, moja moja, mwanamama mmoja anataja uzito na mwingine anaandika. Nafasi zilikuwa kumi na mbili kwa watakaovuka mita kumi na moja na nusu, na mbili zaidi ambazo waamuzi wangezitoa wenyewe kwa mtu waliyeona anafundishika. Walikuwa wanaita jina na alama ya kwenye fomu kwa sauti. Kwangu mwanamama alisoma, "Kumi na moja tisini na mbili, imefutwa. Kumi na themanini na nne." Akainua ile karatasi yenye mihuri miwili kuitazama. Nyuma yangu msichana mrefu akasema, "Huyu ndiye wa tufe la mjomba." Mwenzake akajibu, "Mwambieni mjomba amkerezee na utepe wa kupimia, uwe mfupi." Wakacheka karibu wote. Mimi pia ningecheka, kama lingekuwa la mtu mwingine.

Mrusho wa kwanza, kumi na moja na ishirini. Wa pili nilikanyaga ubao wa mbele, bendera nyekundu. Kabla ya wa tatu nililiweka tufe chini nikalipangusa, ingawa lilikuwa kavu. Nilijiambia nisubiri miguu. Hilo tu. Niliteleza nyuma ndani ya duara, nikaisubiri miguu, nikageuka, nikasukuma. Nilijua ni mrusho mzuri kwa sababu sikusikia kitu.

Kumi na moja na arobaini na nne.

Sentimita sita, Mjomba. Nilikwenda kukaa karibu na bomba la maji na kuvaa viatu vyangu vya kurudia nyumbani. Mwalimu alikuja akanipa chupa ya maji. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wamevuka. Yule mrefu alikuwa mmoja wao, kumi na moja na hamsini na tano.

Kisha yule mwanamama wa fomu akaniita mezani. Nilikwenda nimefunga kamba ya kiatu kimoja.

Akaniuliza, "Hii kumi na themanini na nne ni ya lini?"

"Machi."

"Tufe lilipimwa?"

"Lilipimwa. Kilo nne kamili."

"Na kabla ya hapo ulikuwa unarusha nini?"

"Kilo tatu na gramu mia nne na kumi. Sikujua."

Akageuza fomu, akaandika kitu pembeni, akamwonyesha mwenzake. "Sentimita sitini ndani ya miezi miwili na nusu," akasema, na hakuwa akizungumza nami. "Na alianza kwa kuharibiwa mwendo." Mwenzake akasema, "Wa kumi na moja hamsini na tano alikuwa na hizohizo mwaka jana." Akanitazama tena. "Ungeacha ile namba ya kwanza, binti, leo tungesema umeshuka karibu nusu mita. Tungekurudisha nyumbani bila kukuita hapa."

Nikasema, "Ndiyo." Halafu nikasema, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, "Aliyetengeneza tufe ndiye aliyepeleka ile karatasi. Imemgharimu." Akasema, "Tumeona."

Nimepewa moja ya zile nafasi mbili. Chuo kinafunguliwa tarehe 4 Agosti. Wamenipa miezi mitatu ya majaribio. Nisipovuka kumi na moja na nusu kufikia mwisho wa Oktoba, narudi.

Mama alilia juu ya kitambaa cha watu, ikabidi akipige pasi. Nimekuandikia kwa herufi kubwa ili mkaza mjomba asipate shida, na kama unaweza kuona mstari huu mwenyewe, basi huu ni wako: mrusho ni uleule, arobaini na nne. Bila ule muhuri, mrusho huohuo ungekuwa aibu yangu.

Mpwa wako


Tarehe 21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Anaandika yuleyule. Leo nimemwomba asitie neno lake, na amekubali kwa sharti kwamba nami nisitie mzaha.

Barua yako tumeisoma mara tatu, mara moja kwa ajili ya jirani. Ule mstari niliutafuta dirishani mchana kweupe. Nilipata "mrusho" na nilipata "muhuri". Kilichokuwa katikati nimesomewa.

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limezidi. Daktari ni msichana hata hajakushinda sana umri. Amesema wanauondoa huo utando kwa dakika ishirini, unarudi nyumbani siku hiyohiyo, na watu wa kazi kama yangu huwa wanarudi kwenye mashine. Alisema huwa. Nilimuuliza huwa ni wangapi katika kumi, akasema tisa. Usiku huo nilimfikiria huyo wa kumi tu.

Hii ndiyo sababu nilikaa kimya miezi yote ile, na sasa nakwambia wewe kwa sababu wewe umeshaona mabaya zaidi. Msimamizi hakunitisha, na wala aibu haikunitisha. Niliogopa kisu karibu na jicho. Mimi ambaye nimekaa na kisu kinachokata chuma miaka thelathini na moja. Naogopa, mpwa wangu. Neno hilo sijawahi kumwandikisha mtu, na huyu hapa ameinua kalamu kunitazama.

Upasuaji ni tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi. Chuo chako bado kitakuwa hakijafunguliwa. Mkaza mjomba atakuwepo, lakini atanifokea, na nikifokewa naweza kugeuka nikarudi nyumbani. Nataka mtu asiyesema kitu. Njoo unishike mkono mpaka mlangoni. Ndani nitaingia mwenyewe.

Mjomba wako